Basi la Haidrojeni na Swali la Bibi

Mimi nina mdomo, na mdomo ndio ulionipa kazi. Walioleta Jinja basi la majaribio la haidrojeni walitaka dereva anayejua kuongea na watu. Nikasema, huyo ni mimi. Masharti yalikuwa mafupi: wiki mbili za kwenda Mbale na kurudi, abiria wasilipe kitu, na lisipojaa hata siku moja, linarudi lilikotoka, na mimi narudi kukaa nyumbani. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane, sikutaka tena.

Wiki ya kwanza, lahaula! Jinja hii, kitu cha bure kikakosa watu. Walijazana steji ya Nalufenya kulitazama, si kulipanda.

"Bwana, mtungi wa jikoni tu unatuchomea nyumba, wewe unatupakia na mitungi mikubwa?" akauliza mmoja wao.

Nikaeleza mpaka koo likakauka: mitungi iko juu ya paa, gesi ikivuja inapaa zake.

"Nasi tutapaa nayo," akasema muuza mchele, watu wakacheka hoi. Huyohuyo aliinama nyuma, akaona basi linatoa matone ya maji badala ya moshi, akauliza kama yanafaa kwa udhu. Wakabishana hadi adhana ya adhuhuri, kisha wakaenda kutawadha msikitini kama kawaida. Nikaondoka na viti vyangu vitupu.

Wiki ya pili akaja bibi mmoja, mjukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, kwake kila mwanamume ni afande, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Habari za gesi hakuuliza.

"Afande, una mtoto?"

"Ninaye, bibi. Binti."

"Yuko wapi?"

"Ameenda Mbale asubuhi hii, kwa nyanya yake."

"Kwa gari gani?"

"Teksi," nikakiri. Nilimpandisha mwenyewe teksi ya petroli, nikamlipia nauli, na basi langu la bure limesimama palepale. Steji nzima ikaangua kicheko. Niliona aibu, tena walikuwa na haki.

Jioni nilimchukua binti Mbale nikarudi naye. Asubuhi iliyofuata nikamkalisha kiti cha mbele, wote wakiona. Bibi akapanda. Muuza mchele akapanda. Basi likajaa, kazi ikapona.

Njiani waliimba, wakala karanga, wakasinzia. Binti akanitazama.

"Baba, mbona unatoka jasho?"

"Joto, mama."

Hakukuwa na joto. Watu wazima wote wale walipanda kwa sababu ya mtoto mmoja, na katika basi zima aliyekuwa akiogopa ni mimi peke yangu.