Chatu na Desturi ya Ukwe

Miaka ile serikali ilipofungulia watu biashara huria, bwana mmoja wa kijiji cha Masoko, mfuga nyoka wa kuuza ng'ambo, aliingia ofisi ya mifugo mjini Tukuyu nilipokuwa nikingoja dawa ya ng'ombe. Alikumbatia kikapu chenye chatu aliyetokwa na povu mdomoni.

"Bwana mifugo, mponye! Nikimwuza, huyu ndiye bati za nyumba yangu."

"Analala na nani?"

"Na nyoka wa jamii nyingine, sanduku moja. Wanapatana, na mwenzake mzima kabisa."

Bwana mifugo akatikisa kidole. "Mmoja aweza kubeba ugonjwa usimdhuru, ukamwua mwenziwe. Mzee, mke wa mwanao hupita mbele yako?"

"Thubutu! Kwetu Wanyakyusa mkwe na baba mkwe hukwepana; akiniona njiani huingia migombani."

"Basi nyoka nao wakwepane. Kila mmoja sanduku lake na maji yake, nawe unawe mikono ukitoka kwa huyu kwenda kwa yule."

Yule bwana akacheka hadi kikapu kikatikisika. "Ndaga fijo, asante sana! Kumbe nimemlaza mkwe na baba mkwe!"

Baadaye nilimkuta dukani akigonga mabati kwa kidole, uso umemeremeta; chatu alikuwa amepona.

Nuhu aliamriwa atie vyumba ndani ya safina. Siku zote nilidhani ni kwa ajili ya nafasi. Sasa nashuku kwamba mzee Nuhu naye alikuwa Mnyakyusa.