Mawimbi Madogo hadi Mwisho wa Wiki

Huu ni mwaka wa sita nasoma taarifa ya hali ya hewa katika redio ndogo ya jamii hapa Masasi, kila asubuhi baada ya kipindi cha salamu. Mimi ni mzaliwa wa Chiwata, nimekulia chini ya mikorosho. Kabla ya kazi hii, bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, utotoni, mjomba aliponipeleka Mtwara. Siku hiyo maji yalikuwa yametulia kama yamo kwenye sinia. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba bahari naifahamu.

Taarifa tunayotumiwa kwenye simu ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa nchi kavu: mvua, jua, baridi, upepo. Huo niliusoma kwa makini, maana wasikilizaji wangu ni wakulima, na msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho ukifika hawana mchezo. Upepo ukiwa mkali, salfa yote inahamia kwa jirani. Nikikosea upepo wa Newala au Tandahimba, simu zinaanza kuita kabla sijaondoka kwenye maikrofoni.

Ukurasa wa pili ni wa bahari. Unaeleza upepo na mawimbi ya pwani ya kusini na ya kaskazini, kisiwa cha Mafia, visiwa vya Unguja na Pemba. Hata siku moja hakuna aliyewahi kunipigia simu kuhusu mawimbi. Nani huku juu ana chombo cha kusafiria majini? Watu wa Newala wanashuka bondeni kutafuta maji ya kunywa, niwahubirie habari za mawimbi ya Pemba? Basi nikaacha kuufungua ukurasa wa pili. Sentensi zake nilikuwa nimezikariri. Nilisema "mawimbi madogo" wiki nzima, kisha siku moja nikasema "makubwa kiasi", ili isichoshe masikio. Sauti yangu ilisifiwa. Nilikuwa nasema uongo kwa utulivu sana.

Asubuhi moja ya Julai, baridi imetanda na madirisha yana ukungu, simu ya studio iliita mara tu baada ya taarifa. Alikuwa mama mtu mzima, kwa sauti tu nilijua ni wa Newala.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye msomaji wa mawimbi?"

Nikacheka. Nikamwambia ni mimi.

Akanieleza. Binti yake ni muuguzi, amepangiwa kazi Mafia, ameolewa huko huko, na sasa amejifungua mtoto wa kwanza. Yeye anataka kwenda kumlea mzazi, lakini anaogopa maji. Tangu mtoto azaliwe anasikiliza redio kila siku, anangoja siku nzuri.

"Leo umesema mawimbi madogo. Sasa mimi nikiondoka kesho, nalala njiani, bahari naivuka keshokutwa. Hayo madogo ni ya leo peke yake, au yatanifikisha?"

Simu yangu ilikuwa mezani, mbele yangu. Ukurasa wa pili ulikuwa humo. Kuufungua kungechukua muda mfupi kuliko muda nilioutumia kucheka. Lakini chai ilikuwa inapoa, na mwenzangu wa kipindi kinachofuata alikuwa ananionyesha saa.

"Madogo hadi mwisho wa wiki, mama. Safiri tu, usiwe na wasiwasi."

"Mungu akubariki, mwanangu. Umenipa moyo."

Nikanywa chai yangu.

Siku kama kumi baadaye simu ya studio iliita tena. Safari hii alikuwa binti. Aliongea polepole, kwa adabu, na hiyo ndiyo ilinitisha. Alisema mama yake alifika Mafia akiwa amebebwa. Boti iliondoka bandari ya Nyamisati asubuhi upepo ukiwa umeanza, na huko mbele upepo wa kusi ukachachamaa. Maji yaliingia, watu walitapika wakiwa wamelala sakafuni, mizigo ikatupwa baharini. Mama alikuwa amebeba unga wa muhogo na ming'oko, mizizi ya porini aliyoichimba mwenyewe, kwa sababu binti aliitamani tangu akiwa mjamzito. Vyote vilikwenda. Boti ilipopigwa ubavuni, mama alianguka juu ya mkono wake wa kulia na kuuvunja.

"Hajaweza kumbeba mtoto," alisema. "Ananiambia nimwekee mapajani, halafu anamshika kwa mkono mmoja. Naomba kukuuliza, dada. Huku tulikuwa tumeshatangaziwa upepo mkali tangu siku mbili kabla. Nilimpigia mama nimzuie, simu yake haikupatikana, alikuwa ameshapanda basi. Wewe ile taarifa uliitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa peke yangu studio, muziki unapigwa, hakuna aliyenisikiliza ila yeye.

"Taarifa niliyoletewa ndiyo niliyosoma," nikajibu. "Sisi tunasoma tunacholetewa."

"Sawa, dada. Asante."

Alipokata, nikaitafuta taarifa ya siku ile kwenye simu yangu. Ilikuwepo. Ukurasa wa pili ulisema upepo mkali wa kusini mashariki, mawimbi makubwa, pwani yote pamoja na Mafia, na wanaotumia bahari wachukue tahadhari. Nikaifuta. Sijui nilikuwa namficha nani.

Baada ya hapo nilisoma ukurasa wa pili kila siku, neno kwa neno, sauti imepungua. Nilidhani hiyo ingetosha. Kisha, mikorosho ikiwa imeshaanza kuzaa, mlinzi akaja kuniambia nina mgeni. Nje alikuwa amesimama mama mfupi, amejitanda kanga, mkono wa kulia umepinda kidogo kwenye kifundo. Mkono wa kushoto ulikuwa na kifurushi cha korosho alizobangua mwenyewe.

"Ni mimi wa Newala," alisema. "Nimerudi. Nilisema nisipite Masasi bila kukuona."

Nikampigia goti kumwamkia. Akaniinua.

"Nimesikia binti yangu alikupigia akakuuliza maneno makali. Nimemgombeza. Nimemwambia, yule mtoto wa watu anasoma anachopewa, bahari ikigeuka atafanyaje? Bahari ni ya Mungu. Chukua hizi, utafune na watoto wako."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante, mama. Akaniambia mjukuu ana macho ya marehemu babu yake, na kwamba alikaa huko muda mrefu kwa sababu alishindwa kupanda boti tena mpaka kusi ipoe. Mikorosho yake mwaka huo haikupata salfa kwa wakati. Alilisema hilo kama jambo dogo. Kisha akaenda zake stendi. Mimi nikabaki na kifurushi, na sikuweza kutafuna hata korosho moja. Nikampa mlinzi.

Nilimwendea mkuu wangu wa kazi nikamweleza yote, nikitumaini atanifokea, labda anitoe kwenye kipindi. Alicheka. "Masasi hapa nani ana boti?" akauliza. Nilikuwa nimelisema neno hilo moyoni mara nyingi sana. Kulisikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine kulinifanya nitamani kujificha.

Jumamosi iliyofuata nikapanda kwenda Newala. Nyumba yake haikuwa ngumu kuipata; niliulizia mama mwenye binti muuguzi Mafia. Nilimkuta uani akimenya muhogo, ameuegemeza kwenye goti kwa sababu mkono wa kulia haukushika sawasawa. Akafurahi, akataka kunyanyuka. Nikamwomba asinyanyuke.

"Mama, siku ile sikusoma taarifa," nikasema. "Niliisema kutoka kichwani. Iliyoandikwa ilisema mawimbi makubwa. Ulipouliza, nilikuwa nayo mezani, sikuifungua. Na binti yako nilimdanganya."

Kisu kikasimama.

"Kwa nini?"

"Nilidhani hakuna anayesikiliza."

"Mimi nilikuwa nasikiliza," alisema. Hakupaza sauti. "Kila siku. Binti akinipigia namwambia, leo kwenu madogo. Naye ananyamaza tu. Nilidhani hataki kubishana nami."

Nikaanza kulia, akaniangalia kama mtu anayengoja mvua ipite aendelee na kazi. Alipoona nimenyamaza, akaendelea kumenya.

"Nimesikia," akasema hatimaye.

Akamwita jirani yake aniletee maji ya kunywa, nami nikayanywa yote, nikijua yamepandishwa kutoka bondeni kichwani mwa mtu. Kisha nikaaga. Alinijibu, lakini hakunisindikiza hata hadi barabarani, na kwetu mgeni husindikizwa.

Mwaka uliofuata tulikutana Tandahimba, msibani kwa mtu ambaye sote tulikuwa na undugu naye wa mbali. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani wakichambua mchele, na nafasi iliyobaki ilikuwa karibu yake. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akasogea nikae. Mmoja wa wale wanawake akauliza huyu ni nani.

"Huyu ni wa redio," alisema mama. "Anasoma hali ya hewa."

"Ahaa! Basi tuambie, mvua itaanza lini?"

Wote wakanigeukia. Yeye peke yake hakunitazama. Alikuwa akipepeta mchele kwenye ungo kwa mkono wa kushoto, polepole, makapi yakiangukia kwenye kanga yake.

"Sijui," nikasema. "Kwa kweli sijui."

Wakacheka, wakaniambia basi redio haina maana. Nikacheka nao, nikainamisha kichwa, nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.