Kitambaa cheupe kimeniumbua leo

Jamani, leo nimefundishwa kazi yangu mwenyewe.

Niko Ujiji, nafua zulia jekundu la Bibi Mwajuma, zawadi ya marehemu mumewe. Ndoo ya maji ya moto na sabuni mkononi. Miaka sita kwenye mazulia, nani aniambie kitu?

Akatokea mama mkimbizi wa Burundi, aliyefikia kwa jirani. Jana aliniomba kazi, nikamcheka.

"Kaka, jaribu pembeni kwanza."

Akachovya kitambaa cheupe kwenye ndoo yangu, akakandamiza pembe ya zulia.

Kikatoka chekundu!

Ningemwaga ile ndoo, rangi yote ingeondoka.

Bibi Mwajuma alikuwa mlangoni, kaona kila kitu. Hakunigombeza. Alimletea yule mama wa Burundi kigoda na chai, akanipita.

Kesho tunafua mazulia ya msikiti. Fundi ni mama huyo mkimbizi, mimi nabeba maji.

Haya, chekeni.