Niliporudishwa Mlangoni mwa Kanisa

Haijanitoka ile Jumapili, mwanangu, japo mengi mengine yamenitoka. Kanisa letu la Ukunda lilikuwa limefungwa kwa miezi kwa sababu ya korona, kisha tukatangaziwa kwamba milango inafunguliwa. Nilipiga pasi sare yangu ya kwaya, nikavaa barakoa niliyoishona kwa kitambaa kilekile, nikatoka kwangu Mwabungo asubuhi na mapema. Nilikuwa mjane, nimestaafu kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na wanangu wa kuzaa wote wako bara. Kwaya ndiyo iliyokuwa jamaa yangu. Nilikuwa naimba sauti ya pili, na bado naimba, usicheke.

Mlangoni alisimama Kadzo, msichana niliyemfundisha shule ya Jumapili, ameshika kile kipimo cha joto.

"Shikamoo, Mama Mghoi," akasema, macho chini. "Niwie radhi, mama. Wazee na watoto hawajaruhusiwa kuingia."

"Mzee ndiye mimi?"

Nyuma ya Kadzo niliwaona watu wameketi mbalimbali, na benchi langu limekaliwa na mtu mwingine. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Amri ilikuwa ya serikali, nayo ilikuwa na maana yake, maana ugonjwa ule uliwaandama wazee. Nilijua yote hayo, lakini moyo haukutaka kujua. Niliitia sare sandukuni nikajiambia basi, nimechoka. Nimefua mashuka ya wageni miaka na miaka na sikuwahi kuchoka vile. Nikaacha kuimba nikiosha vyombo. Kisha nikaacha kusali, na hata haikuniuma. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Wenzangu wa kanisani walikuwa wameambiwa wasiwatembelee wazee, wakatii. Simu yangu nayo ikawa kimya, nami nikauchukulia ukimya ule kwamba nimesahauliwa.

Jirani yangu alikuwa Bi Mwanasiti, Mdigo, Mwislamu, mpika mahamri. Kilichotutenga ni ua wa makuti tu. Asubuhi moja akaniita kutoka upande wake.

"Bi Mghoi, u mzima?"

"Mzima, nashukuru."

"Mbona sikusikii siku hizi? Mimi nikikanda unga wangu hukusikiliza weye ukiimba. Sasa kimya. Nikadhani umekwenda zako kwenu Taita."

Nikamweleza jinsi nilivyorudishwa mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa maneno yake bila kuyapaka asali.

"Mume wangu naye kakatazwa kuingia msikitini, mzee kama weye. Akisikia adhana hutia udhu, akavaa kanzu yake, akaja hapa barazani kutandika msala. Hajaacha hata swala moja. Weye umefungiwa mlango, ukafunga na mdomo?"

"Nitaimba na nani, Bi Mwanasiti? Sauti ya pili haiimbwi peke yake."

"Basi Jumapili nitaweka kigoda changu hapa uani. Nyimbo zenu sizijui, na sitaimba. Lakini nitakusikiliza."

Na kweli aliketi. Nikaanza kuimba, sauti imekauka, na katikati ya ubeti wa pili nikalia. Nikamsikia akisema kutoka kule ng'ambo ya makuti, "Endelea mwenzangu, nipo." Nikaendelea.

Siku ileile nikampigia simu Kadzo. Alilia kabla hata hatujasalimiana. Kumbe alidhani namchukia, akawa anaogopa kunipigia, nami huku nimekaa nangoja anitafute. Tangu hapo kila Jumapili alinipigia, akaiweka simu yake kwenye benchi, karibu na waimbaji wa sauti ya pili. Nyimbo zilinifikia zimechelewa, zinakwaruza, nami nikaimba nao hivyo hivyo, Bi Mwanasiti juu ya kigoda chake, mpaka siku wazee tuliporuhusiwa kuingia.

Sasa milango iko wazi siku nyingi, mwanangu, nawe, kijana wa kanisa letu, waniambia kwamba ukitoka zamu hotelini waitazama ibada kitandani, kwenye simu. Sikulaumu, maana hata mimi simu iliniokoa. Lakini upande wa pili wa simu yangu palikuwa na mtu anayeijua sauti yangu. Ukiizima yako, nani atajua kwamba hukuwapo? Nami nimechoka, nakwambia kweli, kukuwekea nafasi kwenye benchi na kuwaambia watu wasogee kidogo, unakuja.

Usiache kusali peke yako chumbani, hata siku ambazo husikii chochote moyoni. Lakini usiwe mtu wa chumbani tu. Kaa na watu watakaokuuliza ulikuwa wapi, hata kama maswali yao yatakuudhi. Mwenzako akipotea, mpigie wewe kwanza, maana huenda naye anakuogopa. Na wakikufungia mlango, kwa haki au kwa makosa, tandika msala wako barazani.

Bi Mwanasiti alitutoka mwaka jana. Bado naimba nikiosha vyombo, uso nimeuelekeza kwenye ua wake, na sijazoea kutomsikia. Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu. Na siku utakaponyamaza, akujalie mtu wa kukuuliza mbona kimya.