Jumapili za Kutembezwa

Wifi yangu ndiye aliyeamua kwamba nitembezwe. Mimba yangu ilipotoka alikuja kutoka Ubena, akakaa nasi mpaka nilipoweza kuinama na kuinuka bila kizunguzungu. Siku ya kuondoka alimvuta mume wangu uani, akamwambia kwa sauti aliyodhani siisikii, "Usimwache ndani humu na mawazo. Mtoe. Kila Jumapili mpeleke mahali akaone watu."

Mume wangu hushika sana maneno ya dada yake. Jumapili iliyofuata alivaa shati lake la Idi, akasimama mlangoni na kuniambia nijiandae, tunatoka. Nikauliza tunakwenda wapi. Akasema, "Popote."

Bagamoyo ni mji mdogo kwa watu wanaotaka kutoka kila wiki. Tulianzia kwenye hoteli moja ya ufukweni, tukakaa bustanini, tukaagiza soda na chipsi. Aliniweka mbele ya maua akapiga picha. "Cheka kidogo," akasema, "namtumia dada." Nikacheka. Nimezitazama picha zile tangu siku hiyo, na mtu asiyetujua angesema tuko fungate. Wifi alijibu palepale kwa kopakopa nyingi nyekundu, na mume wangu akaniletea simu nizione, uso umemkunjuka kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku za kazi hazikuwa na maneno mengi. Mimi nashona nguo barazani kwetu, na msimu ule ulikuwa wa sare za shule. Kuanzia asubuhi nilikuwa nakata vikaptula na vigauni vya watoto wa chekechea, vidogo kiasi kwamba mkono wa shati nauvisha kwenye vidole vyangu viwili. Yeye ni fundi wa madirisha ya alumini. Nyumba nyingi anazofanyia kazi ziko Bunju na Boko, kwa hiyo hutoka kungali na umande na kurudi amechoka hata kope zina vumbi. Alikuwa anakula huku anasinzia. Zamani Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake ya kulala mpaka jua lipande, mimi nikifua na kumwachia chai kwenye chupa. Sasa Jumapili alikuwa anaamka kabla yangu, ananyoosha shati.

Tulikwenda Kaole kwenye magofu. Kijana aliyetutembeza alikuwa na adabu, akatuita kaka na dada, akatueleza habari za msikiti wa kale na mawe ya matumbawe. Tulipofika kwenye kaburi moja akasimama, akapunguza sauti. "Hapa watu huja kuomba dua," akasema. "Hasa kina mama wanaotafuta watoto. Wengi wamerudi kushukuru. Nyinyi bado hamjajaliwa?"

Hakujua. Angejuaje? Mume wangu alimjibu haraka, "Bado, Mungu akipenda," kisha akaanza kuuliza maswali juu ya mawe, moja juu ya jingine, yalichongwa na nini, yaliletwa na nani, mtu ambaye hata siku moja sijamsikia akiuliza habari za kale. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikajifanya nakung'uta mchanga kwenye kiatu. Nilikikung'uta kiatu kile muda mrefu. Nyumbani nilimpasulia papai tukala tukiangalia televisheni.

Jumapili nyingine tukaenda Dar es Salaam, kwenye jengo kubwa la maduka lenye ngazi zinazojiendesha. Alikuwa amesikia kwa mafundi wenzake kwamba kuna sinema humo na baridi yake ni nzuri. Tukaingia. Taa zilipozimwa nilimwona ameegemeza kichwa, nikasema moyoni acha apumzike kidogo, nitamwamsha. Kilichofuata ni mwanamke mwenye ufagio anayenigusa bega. "Dada, kaka, imeisha." Watu walikuwa wameshatoka wote. Tulikuwa tumelala tangu mwanzo, vichwa vimegusana, bisi zimetumwagikia mapajani. Tulirudi Bagamoyo na hakuna aliyemuuliza mwenzake filamu ilihusu nini.

Basi ikafika Jumapili ya kwenda Mbegani. Alikuwa ameshavaa. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na gauni mkononi, na mkono ukakataa kulinyanyua. Sijui niseme vipi. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimechoka kucheka mbele ya maua.

"Leo siendi," nikasema.

Nilitegemea abembeleze. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumjibu. Yeye alikaa pembeni yangu, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Alhamdulillahi."

"Nini?"

"Nimechoka, mke wangu. Nimechoka mpaka mifupa. Kila Jumamosi jioni naanza kuwaza kesho nimpeleke wapi huyu, na sehemu zenyewe zimeniishia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeona sikujali." Alivua viatu taratibu, akavipanga chini ya kitanda. Kisha, bila kunitazama, akasema jambo ambalo alikuwa nalo kifuani siku zote hizo. Wiki iliyopita, kwenye nyumba moja ya Boko, mwenye nyumba alimwonyesha chumba na kumwambia hiki ni cha mtoto, dirisha lake uliwekee vyuma asije akaanguka. Mume wangu akatoa futi akapima, akakata, halikuingia. Akapima tena, akakata, halikuingia. "Mimi, nisiyeharibu alumini," akasema. "Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikanawa uso. Nikawaambia wenzangu vumbi limeniingia machoni."

Nikaliweka gauni chini. Akaendelea. "Watu waliingia humu ndani siku zile wakanipita mlangoni. Mgonjwa yuko wapi? Mgonjwa anaendeleaje? Na ni haki yao, wewe ndiye uliyeumia. Lakini mimi nami nilikuwa nimeshamchagulia jina."

Nilitafuta kichwani nani alimpa pole mume wangu, nisimpate. Jirani, mama yangu kutoka Fukayosi, wifi, wote walinishika mimi mkono. Yeye alikuwa anachota maji na kuwapangia wageni viti.

"Pole," nikamwambia. Neno dogo hivyo. "Pole sana, mume wangu."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na hakulia vizuri, alikuwa anakohoa kama aliyepaliwa. Nilimshika mgongo. Nilimuuliza jina, akaniambia, nami nikamwambia la kwangu nililokuwa nimelificha, na hayakufanana hata kidogo. Tulibishana juu ya majina yale, tukabishana kweli, kila mmoja akilitetea la kwake, mpaka tukajikuta tunacheka, na kicheko kile hakikuwa cha picha.

Wifi akapiga simu adhuhuri kuulizia picha. Mume wangu akamjibu akiwa amelala chali, simu kifuani, "Shikamoo dada. Leo hatukutoka. Tumelala."

"Marahaba. Mmelala? Mchana huu? Na mgonjwa?"

"Wagonjwa wote wawili wamelala, dada," akasema. Wifi akasema, taratibu kuliko kawaida yake, "Haya. Laleni."

Tulilala hadi Alasiri. Alipoamka alipika wali mwenyewe, ukashika chini, tukaula na dagaa wa kukaanga.

Siku hizi tunatoka pale mmoja wetu anapotaka, na mara nyingi hakuna anayetaka. Mtoto hajaja. Mwili wangu bado unachoka upesi, na msimu wa sare ukifika bado nasimamisha cherehani katikati ya kola, nikatazama barabara. Yeye hurudi na vumbi lake, anavua viatu, anakaa kwenye mkeka. Zamani alikuwa ananiuliza, "Umeshindaje?" nami namjibu, "Salama," yanakwisha. Siku hizi nami namuuliza yeye, naye hanijibu upesi. Anafikiri kwanza. Jana alisema, "Vibaya kidogo," akanisimulia kisa cha kioo kilichopasuka, nami nikaacha sindano nikamsikiliza mpaka mwisho.