Maji ya Meru, Meno ya Binti Yangu

Nikikumbuka ujana wangu, kinachonijia kwanza ni harufu ya mifupa ya ng'ombe inayoungua. Wenzangu hukumbuka maua na mvua za kwanza. Mimi nilikuwa mhudumu wa mtambo wa maji wa kijiji kwenye miteremko ya Mlima Meru, na kazi yangu ilikuwa kupunguza floraidi, madini yaliyozidi katika maji yetu. Maji yetu yalikuwa baridi, matamu, maangavu, lakini yalitupaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na watoto wengine yaliwapinda miguu. Ukikutana na mtu wa kwetu mjini huna haja ya kumuuliza katokea wapi. Subiri acheke. Mimi mpaka leo hucheka nimeziba mdomo kwa kiganja.

Mtambo wenyewe ulikuwa tangi la saruji lililojaa mkaa wa mifupa. Tuliokota mifupa machinjioni, tukaianika, tukaichoma katika tanuru lisilopitisha hewa nyingi, kisha tukaiponda, tukaichekecha na kuiosha. Isipoiva vizuri, maji yananuka supu. Ikiungua mno inakuwa majivu meupe na kazi yote bure. Lazima itoke nyeusi tii. Ah, wanakijiji walinitesa! Waislamu walitaka kuhakikishiwa kwamba hamna mfupa wa nguruwe. Walokole waliuliza kama huu si uganga. Bibi mmoja jirani yangu alitangaza bombani kwamba hawezi kunywa mchuzi wa ng'ombe asiyemjua.

Aliyeniokoa ni bibi afya wa wilaya. Alikuja kila mwezi kwa pikipiki, sanduku la vipimo amelifunga nyuma kwa mpira, vumbi limemfika kwenye kope. Alisimama mbele ya watu wote akanywa bilauri nzima bila kupumua, kisha akaomba nyingine. Mimi alinifundisha kupima. Unatia matone ya dawa nyekundu katika kichupa cha maji. Wekundu ukififia, floraidi imepenya, mkaa umechoka, badilisha. Akimaliza na maji huenda shuleni, akawapanga watoto wa darasa la kwanza mstari na kuwaambia, "Haya, nichekeeni!"

Mwaka wa saba wa mtambo alituma mtu aniite. Nilifika na masizi mikononi. Watoto waliozaliwa tukiwa tumeshaanza kuchuja maji walikuwa wanaota meno ya utu uzima, na yalikuwa meupe. Bibi afya aliniambia, "Tazama, kaka yangu. Hii ni kazi yako." Nililia mbele ya darasa zima, nao wakazidi kucheka. Siku ile naitamani bado, na sidhani kama nimewahi kuwa mtu wa maana zaidi ya hapo.

Sasa naishi Rissne, kitongoji cha Stockholm, Sweden. Nilikuja Stockholm kusoma, nikabaki, nikawa fundi bomba wa majumba, maana maji yamekataa kuniacha. Nilioa Mrundi niliyekutana naye kanisani Jakobsberg, muuguzi msaidizi anayefanya kazi hospitalini Flemingsberg. Tulipata binti mmoja.

Binti alipoanza shule ikaja karatasi. Kila baada ya wiki mbili watoto watasukutua vinywa kwa maji yenye floraidi, mzazi atie saini. Niliisoma mara mbili. Adui niliyemfukuza kwa mifupa na moto kwa miaka yote ile, leo mwanangu anakaribishiwa kwenye kikombe? Nikatia alama palipoandikwa nej, yaani hapana, nikaongeza na sentensi tatu za ukali pembeni.

"Eh, papa," mke wangu akasema, "wewe uko unajua kuliko madokta wa hapa?"

"Mimi nimefanya kazi na kitu hiki. Wewe je?"

Aliyatazama meno yangu tu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye alijua nilivyoumwa. Nikaenda mbali zaidi. Nilitafuta duka linalouza dawa ya meno isiyo na floraidi, nikawa nampigisha binti yangu mswaki mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa fahari kubwa.

Alipofika miaka saba jino likaanza kumuuma. Kwenye kliniki walikuta magego yametoboka, mawili hayatibiki tena. Mtaalamu wa meno, mama wa makamo mwenye nywele za mvi, aliniuliza tunatumia dawa gani ya mswaki. Nikamweleza yote, tangi, tanuru, bibi afya na pikipiki yake. Aliweka kalamu chini akasikiliza kwa hamu, akauliza maswali ya mtu anayeelewa. Nilikuwa nimeanza kuona raha. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na maji ya hapa, uliyapima?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama palepale kwenye kiti cha plastiki.

Alinieleza kwamba maji ya ziwani tunayokunywa Stockholm yana floraidi kidogo sana, na hapa haiongezwi kwenye mabomba, ndiyo maana watoto hupewa kwa mswaki na kwa kusukutua. Na mimi nilikuwa najua! Bibi afya aliwahi kuniambia kwamba kidogo chake hulinda meno, kikizidi ndiyo balaa. Niliitikia kwa kichwa, nikasahau, kwa sababu kwetu hakikuwahi kuwa kidogo. Nilijikasirikia hata mate yakawa machungu.

Siku ya kung'olewa nilimshika binti yangu mguu. Yeye hakulia. Nililia mimi, na mhudumu akaniletea karatasi ya kujifuta.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha mezani, nikampa mtindi wa baridi, nikachukua karatasi mpya ya shule na kutia alama palipoandikwa ja, ndiyo. Nikamwonyesha.

"Kwa hiyo nitabaki ndani?" akauliza kwa Kiswidi. Huwa ananijibu kwa Kiswidi hata nikimsemesha kwa lugha yangu.

"Ndani wapi?"

Ndipo nikajua. Kila wenzake walipogawiwa vikombe vyao, mwalimu alimtoa nje ili asikae bure akiwatazama. Alikaa kwenye benchi la korido na daftari la kuchora, akisikiliza darasa zima likisukutua na kutema na kucheka. Mwaka mzima na zaidi. Hakuwahi kutuambia.

"Mbona hukuniuliza kwa nini?"

Alikoroga mtindi wake. "Nilidhani nimejua. Nilidhani ni kwa sababu meno yako yako hivyo, pappa, kwa hiyo na mimi siruhusiwi."

Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, polepole, nisiache neno. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba haina neno. Kisha akacheka kunifariji, pengo jipya bado lina damu, na nikaona mkono wake ukipanda wenyewe kuziba mdomo.