Siku Nilipomkasirikia Mtani

Mimi nilizaliwa Zinga, katika kibanda kisichokuwa na mlango, na chuoni sikukaa ila kujua alifu na be. Lakini muulizeni yeyote Bagamoyo: nani alianza kwa kubeba mtumba wa vitambaa vya marekani kichwani, akaishia kuvaa joho na kuongoza wapagazi mia? Ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Tena nilijiona najua kusema na watu kumshinda kadhi.

Mwaka huo nilikabidhiwa msafara wangu wa kwanza wa kwenda bara. Tajiri mwenye bidhaa aliniambia wazi: "Ijumaa ikipita hujatoka, nampa mwingine." Wapagazi walikuwa Wanyamwezi, nami Mzaramo, na kila mtu wa pwani anajua kuwa hao ni watani zetu. Mtani hukutukana, hukupokonya hata nguo, nawe hukasiriki, unamrudishia.

Nilijua yote hayo. Lakini Jumatatu, siku ya kufunga mizigo, mbele ya tajiri na waungwana wa mji na bakora zao, mnyapara wa wapagazi alinivua kilemba, akajivika, akapaza sauti: "Mnamwona huyu? Mtumwa wangu! Nilimnunua kwa kibaba cha mtama, na mtama wenyewe ulikuwa na wadudu!"

Waungwana wakacheka. Nyakati zile, neno hilo kwa mtu aliyepanda kutoka chini kama mimi lilichoma. Nikamwambia, "Nitakushitaki kwa liwali!"

Kicheko kikakatika. Akanirudishia kilemba kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Wapagazi wakatua mizigo, wakarudi kambini.

Jumatano nikawafuata. "Ndugu zangu, waungwana wenzangu," nikaanza, nikawamwagia maneno matamu hata koo likanikauka.

"Ndiyo, bwana," wakajibu.

"Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, bwana."

Hakuna aliyegusa mzigo. Alhamisi asubuhi vivyo hivyo. Jamani, kuna kinachoudhi kama mtu anayekukubalia kila neno na asifanye lolote? Afadhali anizabe kofi nijue moja!

Nikapasuka. "Nyie vichwa maboga! Walaji wa panya! Babu zenu walipoiona bahari mara ya kwanza waliuliza nani kaimwaga, wakatafuta ufagio!" Sikuwa natania. Nilikuwa nimekasirika kweli, Mungu ni shahidi.

Mmoja akaguna. Mwingine akaangua kicheko. Mnyapara akasema, "Lo! Mtumwa wangu amerudi. Yule bwana wa jana tulikuwa hatumjui."

"Kumbe siku zote hizi mmeninunia kwa neno moja?"

"Kaa chini. Wewe kila ukija unasema tu, huulizi."

Nikakaa.

"Tukifa huku pwani, nani anatuzika?"

"Watani zenu."

"Nani anatuosha, nani anatuchimbia kaburi?"

"Sisi."

"Basi ulipomtaja liwali uliukataa utani mbele za watu. Tutatembeaje miezi mitatu na mtu ambaye hatatuzika?"

Nilikuwa nawabembeleza kwa sukari, kumbe walichotaka ni kujua kama bado mimi ni mtani wao. Na wasingeniambia mpaka niulize! Watu hawa!

"Nimekosa," nikamwambia. "Ukifa njiani nitakuzika mwenyewe, ingawa kwa tumbo hilo kaburi litachukua siku mbili."

"Ukifa wewe," akasema, "tutakuzika umesimama, maana ukilala utakosa pa kujisifia."

Ijumaa, kabla jua halijawa kali, mizigo yote ilikuwa kichwani na wa kwanza wao walikuwa wanaingia kwenye mtumbwi wa kuvukia mto Kingani. Walinitukana kutoka hapo hadi Unyanyembe, kwao bara, mimi, shangazi zangu, na muhogo wetu wa Zinga. Kila siku nilikereka, na kila siku niliwajibu.